Nyumba mlimani: sheria ya mazingira inamlinda nani?

Tarehe 30 Juni mwaka 2025, Gavana wa jimbo la California nchini Marekani, Gavin Newsom, alitia saini sheria ambayo kwa miaka mingi wanasiasa wa jimbo hilo walikuwa wakiizungumzia faraghani na kuiogopa hadharani. Kwa mujibu wa sheria hiyo, miradi mingi ya makazi inayojengwa katika viwanja vilivyobaki wazi ndani ya miji haitalazimika tena kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, utaratibu uliokuwapo jimboni humo tangu mwaka 1970. Wanaoiunga mkono wanasema ndiyo njia pekee ya kupunguza uhaba wa nyumba na kodi za pango zisizovumilika. Wanaoipinga wanasema kinga iliyojengwa kwa zaidi ya nusu karne imebomolewa kwa siku moja.

Msomaji aliyeko Mwanza, Bukavu au Mbale anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu sheria za mazingira zinazotumika leo Afrika Mashariki ni jamaa wa karibu wa sheria hizo za Marekani, na kwa sababu swali linalogombaniwa huko ndilo linalorudi kwetu kila masika: kiwanja kilichoinama kikaguliwe na nani kabla ya nyumba kusimama, na huyo anayekikagua atazame nini hasa?

Kisa cha Berkeley

Hakuna kesi inayolionyesha swali hilo vizuri kuliko ile ya mji wa Berkeley, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Mashariki ya mji huo kuna safu ya vilima vyenye miti mingi na nyumba za wenye nacho, na chini yake unapita ufa wa ardhi uitwao Hayward, mmoja wa nyufa zinazohofiwa zaidi kwa matetemeko nchini Marekani. Huko Mitchell Kapor, mwasisi wa kampuni ya programu za kompyuta ya Lotus, na mkewe Freada Kapor Klein walinunua kiwanja kwenye mteremko mkali, wakaomba kibali cha kubomoa nyumba iliyokuwapo na kujenga mpya. Nyumba hiyo mpya ingekuwa na ukubwa wa futi za mraba 6,478, na juu ya hizo gereji ya futi za mraba 3,394 yenye nafasi ya magari 10. Tuseme kwa haki kwamba gereji hiyo peke yake inaishinda kwa ukubwa nyumba ya familia ya kawaida nchini Marekani kwenyewe.

Mji uliidhinisha ujenzi huo mwanzoni mwa mwaka 2010 bila kudai tathmini ya mazingira. Ulikuwa na hoja ya kisheria. Kanuni za California zina orodha ya miradi ambayo kwa kawaida haina athari kubwa na kwa hiyo imesamehewa tathmini, na nyumba ya familia moja imo katika orodha hiyo. Majirani walikata rufaa kwa halmashauri ya jiji wakashindwa, kisha wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba kanuni hizo hizo zinaweka mpaka: msamaha hauwezi kutumika pale ambapo, kwa sababu ya hali zisizo za kawaida, pana uwezekano wa athari kubwa kwa mazingira. Nyumba ya ukubwa huo, walisema, kwenye mteremko wa namna hiyo, karibu na ufa wa tetemeko, si jambo la kawaida.

Waliweka mbele ya mahakama barua za mhandisi wa udongo na miamba. Huyo alionya kwamba ili nyumba isimame itabidi mlima uchimbwe sana, na kifusi kimwagwe upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo tetemeko linaweza kukisukuma kikatelezea bondeni. Mhandisi wa upande wa pili, aliyeajiriwa na wenye nyumba, alijibu kuwa mwenzake ameusoma mchoro vibaya: hakuna kifusi kitakachomwagwa upande wa chini, na kuta za nyumba ndizo zitakazoushika udongo. Wataalamu wawili, mlima mmoja, majibu mawili.

Kesi hiyo ilichukua miaka mitano. Mahakama ya mwanzo iliwanyima majirani ushindi, Mahakama ya Rufani ikawapa mwaka 2012, na tarehe 2 Machi 2015 Mahakama ya Juu ya California ikautengua ushindi huo. Majaji walisema haitoshi kwa mpinzani kuonyesha kwamba mradi unaweza kuwa na athari. Lazima kwanza aonyeshe kwamba mazingira ya mradi ni ya pekee, tofauti na ya miradi mingine ya aina yake, ama sivyo orodha ya misamaha itakuwa haina maana yoyote. Wakaongeza kwamba athari zipimwe kwa mradi ulioidhinishwa, wala si kwa mradi ambao mpinzani anadhani utajengwa. Shauri liliporudishwa Mahakama ya Rufani, safari hii mji ndio ulioshinda, na barua za mhandisi wa majirani zikawekwa kando kwa sababu zilizungumzia kifusi ambacho hakimo katika mchoro.

Mtu anayeisoma hukumu hiyo akiwa mbali anashangazwa na jambo moja. Katika miaka hiyo mitano ya mawakili, hakuna mahakama iliyokwenda kuupima mlima. Sheria haikuwapa kazi hiyo. Kilichopimwa ni karatasi: kama mji ulikuwa na ushahidi wa kutosha mkononi wakati ulipoamua. Huo si udhaifu wa majaji. Ndivyo sheria ya tathmini ilivyoundwa, kwamba mwenye mamlaka afichue athari za uamuzi wake kabla ya kuamua, na wananchi wapate nafasi ya kusema. Sheria hiyo haikuundwa iwe kipimo cha uimara wa udongo.

Wapinzani wa sheria hiyo hawakukosa mifano ya matumizi yake ya ajabu. Katika mji huo huo wa Berkeley, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliona kwamba Chuo Kikuu cha California kilipaswa kutathmini kelele za wanafunzi watakaoishi katika mabweni mapya, kana kwamba vicheko vya vijana ni moshi wa kiwanda. Bunge la jimbo lilibadilisha sheria mwaka huo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaliondoa pingamizi hilo. Visa kama hivyo ndivyo vilivyotayarisha njia ya sheria ya mwaka 2025.

Kinachookoa nyumba

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba vilima vya California sasa vimeachwa bila mlinzi. Mlinzi wao wa kweli ni mwingine kabisa, na ana umri mkubwa kuliko sheria ya mazingira.

Mwanzoni mwa mwaka 1952 mvua kubwa ziliangusha miteremko mingi mjini Los Angeles, katika maeneo ambayo baada ya vita vya pili vya dunia wajenzi walikuwa wakiyakata kama mkate. Mwaka huo huo jiji likatunga kanuni za kuchimba na kujaza ardhi ya milimani, za kwanza za aina yake nchini Marekani. Kanuni ziliamuru mteremko uliokatwa usipite ukali fulani, kifusi kishindiliwe tabaka baada ya tabaka, maji ya mvua yaongozwe kwa mifereji, na mkaguzi wa jiji afike mahali penyewe. Mwaka 1963 zikakazwa zaidi, na ripoti za wanajiolojia na wahandisi zikawa sharti.

Kisha zikaja mvua za mwanzo wa mwaka 1969, na mtihani ukafanyika wenyewe. Mwanajiolojia James Slosson alikusanya hesabu ya hasara kwa kuvigawa viwanja vya milimani kwa umri wao. Katika viwanja 10,000 hivi vilivyotayarishwa kabla ya mwaka 1952, vilivyoharibiwa vilikuwa 1,040. Katika vile 27,000 vya kati ya 1952 na 1962 viliharibiwa 350. Katika 11,000 vilivyotayarishwa baada ya kanuni kukazwa mwaka 1963 viliharibiwa 17. Kutoka kiwanja kimoja kati ya kumi hadi kimoja kati ya mia sita na ushei. Mvua ilikuwa ile ile na mji ule ule. Kilichobadilika ni namna mteremko ulivyokatwa na mtu aliyetumwa kuutazama.

Baada ya tetemeko la Loma Prieta la Oktoba 1989, jimbo liliongeza sheria ya mwaka 1990 ya kuchora ramani za maeneo ambayo yanaweza kuporomoka wakati wa tetemeko. Anayeuza nyumba ndani ya eneo hilo anawajibika kumwambia mnunuzi. Ramani ni ya umma. Wakili hahitajiki kuisoma.

Sheria iliyotiwa saini mwaka 2025 haikuzifuta kanuni hizi za ujenzi. Kwa hiyo mzozo wa California, ukiutazama vizuri, unahusu mlango wa pili wa nyumba, ule ambao majirani wanaingilia kutoa maoni yao. Mlango wa kwanza, wa mhandisi na mkaguzi, bado una kufuli. Ndiyo maana jimbo hilo linaweza kubishana juu ya tathmini ya mazingira bila ya kila mvua kuleta msiba; ingawa misiba haikukoma, kama walivyojua watu wa La Conchita, ambako watu 10 walifukiwa Januari 2005 chini ya genge lililokwisha kuanguka miaka 10 kabla yake.

Sheria iliyosafiri, na kanuni zilizobaki

Tathmini ya athari kwa mazingira ilianzia Marekani, kwa sheria ya taifa iliyoanza mwaka 1970, ikaenea duniani hasa baada ya Benki ya Dunia kuifanya sharti la miradi yake mwaka 1989. Uganda ilipata sheria yake ya mazingira mwaka 1995, Kenya mwaka 1999, Tanzania mwaka 2004, Rwanda mwaka 2005. Zote zina maneno mazuri kuhusu vilima. Sheria ya Kenya ina vifungu mahususi vya kulinda vilele na miteremko. Uganda ilikwenda mbele zaidi, ikatunga mwaka 2000 kanuni kamili za usimamizi wa maeneo ya milima na vilima.

Lakini tathmini iliyosafiri ni ya miradi mikubwa: bwawa, barabara kuu, kiwanda, mtaa mzima wa nyumba za kuuzwa. Nyumba ya mtu mmoja, vyumba vitatu na choo cha shimo, kwa kawaida haiguswi na utaratibu huo, na hilo lina mantiki yake. Hakuna nchi inayoweza kumdai kila mwananchi ripoti ya mtaalamu kwa ajili ya vyumba vitatu. Tatizo ni kwamba miteremko ya miji yetu haijengwi na makampuni. Inajengwa na watu mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, na kila mmoja wao yumo ndani ya msamaha.

Mlima hauhesabu namna hiyo. Mwenye kiwanja anakata ngazi katika mteremko apate uwanja wa kujengea, na udongo aliouchimba anaumwaga mbele ili uwanja upanuke. Nusu ya nyumba yake inasimama kwenye ardhi ya asili, nusu nyingine kwenye kifusi kisichoshindiliwa. Maji ya bati lake yanamwagikia kwa jirani wa chini. Choo chake kinalowesha tabaka za ndani kiangazi na masika. Jirani wa chini naye, akitafuta uwanja wake, anaukata mguu wa mteremko ambao nyumba ya juu inauegemea. Hakuna aliyefanya kosa kubwa. Nyumba ya kwanza haina athari, ya kumi haina athari, ya mia tatu inakuta mlima umechoka.

Inafaa kukumbuka kwamba kanuni za California zina kifungu kuhusu jambo hili hili: msamaha unaondoka pale ambapo miradi midogo ya aina moja, mahali pamoja, kwa muda, inajumlisha athari kubwa. Katika miji yenye vilima ya Maziwa Makuu kifungu hicho kingekuwa na kazi nyingi kuliko kingine chochote, endapo pangekuwapo mtu wa kujumlisha.

Mwanza ni mfano ulio karibu. Vilima vyake vya mawe makubwa, kutoka Igogo hadi Mabatini, vimejaa nyumba ambazo gari halizifikii. Kwa miaka kadhaa serikali ya Tanzania imekuwa ikirasimisha makazi ya namna hii: viwanja vinapimwa, wakazi wanapata hati, na kwa hati hizo wanaweza kukopa. Ni jambo la haki, kwani watu hawa wameishi hapo kwa vizazi na kuwaita wavamizi ni kuwatukana. Lakini kazi ya mpima ni mipaka. Hati inaeleza upana na urefu wa kiwanja. Haielezi jiwe lililoko juu yake limekaa juu ya nini. Mpima anapopanda kilima na vyombo vyake, huyo ndiye ofisa pekee wa serikali atakayefika kwenye kila mlango wa kilima hicho. Akifuatana na mtu mmoja anayefahamu mawe na maji, safari ile ile ingetoa mambo mawili kwa gharama isiyozidi sana ya jambo moja. Kuna watakaosema hilo litawanyima hati waliokaa mahali pa hatari. Si lazima. Walio wengi wanahitaji mfereji, ukuta wa mawe au choo kihamishwe hatua chache. Wachache ndio wanaohitaji kuhama, na hao ni afadhali wajulikane mapema, kabla hawajaiweka nyumba rehani.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni kisa kigumu zaidi. Sehemu za mji huo zimekaa juu ya maporomoko ya kale ambayo bado yanatambaa polepole, na wakazi wa Funu wanazijua kuta zinazopasuka hata bila mvua. Wakati wa vita vya miaka ya 1990 na baada yake watu walikimbilia mjini kutoka vijijini, wakapanda miteremko kwa sababu mahali pengine hapakuwa na nafasi. Mtu anayekimbia bunduki hawezi kuambiwa asubiri ripoti ya udongo. Katika hali kama hiyo tathmini ya mazingira, hata ingeandikwa vizuri namna gani, inachelewa kwa miaka ishirini.

Kuna kundi jingine ambalo halisemwi sana katika mijadala hii, nalo ni sisi tulio nje. Fedha nyingi zinazojenga vilima vya Afrika Mashariki zinatoka Muscat, Dubai, London na Minneapolis. Mtu anatumiwa picha ya kiwanja kwenye simu, mandhari ya ziwa inang'aa nyuma, bei inasemekana itapanda mwezi ujao. Anauliza kama kina hati. Anauliza kama umeme umefika. Swali la maji ya mvua yanapita wapi ni nadra kuulizwa, na picha iliyopigwa wakati wa kiangazi haiwezi kulijibu. Katika California muuzaji angebanwa na sheria. Huku kwetu mnunuzi hana wa kumbana isipokuwa ndugu anayesimamia ujenzi, ambaye naye mara nyingi anaona haya kumwambia aliyetuma fedha kwamba amenunua korongo.

Gharama ya kuchelewa

Inapofika hatua ya kuwahamisha watu, sheria za pande zote mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Katika rasi ya Palos Verdes, kusini mwa Los Angeles, poromoko la kale liliamshwa mwaka 1956 wakati wa ujenzi wa barabara na kuharibu nyumba zaidi ya 100. Baada ya mvua kubwa za mwaka 2023 na 2024 mwendo wake uliongezeka, umeme na gesi vikakatwa katika nyumba nyingi, na Septemba 2024 gavana akatangaza hali ya dharura. Serikali ikatenga fedha za kuzinunua baadhi ya nyumba kwa hiari ya wenyewe, kwa sharti kwamba ardhi hiyo isijengwe tena.

Huko Bududa, mashariki mwa Uganda, tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Mlima Elgon ulifunika kijiji cha Nametsi, na watu zaidi ya 300 walihofiwa kufa. Kanuni za milima na vilima zilikuwa zimetimiza miaka 10 tangu kuchapishwa. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali na nyumbani kwao, na baadhi yao walirudi. Oktoba 2018 mlima ulianguka tena Bukalasi. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwapa familia nyumba na ardhi Bunambutye, katika tambarare ya Bulambuli, karibu zaidi na jamaa zao. Novemba 2024 maporomoko yakaua watu katika vijiji vya Bulambuli yenyewe, upande wa mlimani.

Tofauti iko katika kile ambacho mtu anakiacha. Mwenye nyumba Palos Verdes anaacha mandhari ya bahari na anapokea hundi. Mkulima wa Bududa anaacha udongo mweusi wa volkano unaozaa kahawa na ndizi mwaka mzima, na anapokea nyumba ya vyumba viwili kwenye ardhi kavu. Ndiyo maana baadhi ya waliohamia Bunambutye bado wanapanda mlima kulima mashamba yao ya zamani, na msimu wa kazi ukiwa mrefu, wanalala huko huko.